Fundi Jenereta, Usiku wa Opera

Walinipa elfu sabini na ahadi ya soda
nikae nyuma ya ukumbi, kule Upanga,
nilinde jenereta isilale.
Ndani, mama mmoja wa Kitaliano angelia saa tatu mfululizo
na watu wamelipia.

Kwanza wapiga fidla wakakaza nyuzi zao,
kila mmoja na lake, kama paka juu ya bati.
Walipomaliza kukaza, Mhandisi Rwegoshora akasimama,
makofi, macho yamelowa:
"Kipande hiki nakihusudu tangu nilipokuwa Vienna."
Dereva wake ameniambia, Vienna alibadilisha ndege.
Safu nzima ikasimama. Nani abaki ameketi
aonekane wa kuja?

Bi Stamili, vitenge vya jumla, Kariakoo,
shingo imekabwa na lulu,
akamfunza jirani: "Usitafute maneno, shoga.
Ukielewa, basi hiyo si opera."
Jirani akaitikia, huku akimtafuta mumewe kwa kiwiko.
Mume alikuwa anakoroma,
ila kwa adabu, akifuata fidla.

Sehemu ya pili chujio likaziba.
Mashine yangu ikakohoa, ikanguruma, ikashusha pumzi ndefu.
Pale dirishani nikamsikia Mhandisi akinong'ona:
"Sikia besi hiyo. Sikia uchungu. Huo ni Ujerumani mtupu."
Nikaigeuza tochi. Ubavuni pameandikwa Kichina.

Halafu ikafa.

Giza likaingia ukumbini bila kuvua viatu.
Yule mama hakunyamaza.
Akaimba bila maiki, bila taa,
sauti ikatoka dirishani ikanikuta na spana mkononi,
nikaisahau spana.
Ndani hakuna aliyetikisa kichwa kijuaji;
gizani utamwonyesha nani kwamba unaelewa?
Nadhani dakika zile nne walisikiliza.

Nikawasha. Mnisamehe, ndiyo kazi.
Nyuso zikavaliwa upya,
Bi Stamili akatangaza kwamba taa zilizimwa makusudi,
ndivyo wafanyavyo Ulaya.

Saa tano magari yakatoka kwa foleni,
vioo vimepandishwa hadi juu.
Lakini besi haijui kutunza siri:
gari la Mhandisi likanipita likitetemeka kwa singeli,
kibao cha namba kinacheza peke yake,
na nyuma yake yule mume, sasa yu macho kama kunguru,
anapiga mlango kwa kiganja, hakosei pigo hata moja.

Ile soda mpaka leo sijaiona.