Ukurasa kwa Mkono Mmoja

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, saa moja asubuhi,
Yasna anatuunga na mashine, viti vinne vikitazamana,
na upepo wa Punta Arenas unagonga madirisha
kama mdai anayejua mwenye nyumba yumo.
Saa nne nzima. Damu inatoka, inaoshwa, inarudi.
Mkono wenye sindano hautikisiki.
Uliobaki ndio wa kusomea.

Kufunua ukurasa kwa mkono mmoja ni ufundi:
gumba linashikilia, cha shahada kinapekua,
kidevu kinasaidia.
Kitabu tunakilaumu kwa uzito kabla ya maneno.
"Kurasa mia sita!" anasema Eduvigis.
"Mwandishi huyu ana figo mbili, bila shaka."

Eduvigis alifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja.
Husoma mwisho kwanza. Namwambia huo ni wizi.
Anasema hawezi kukopa siku asizo na hakika nazo
ili tu ajue nani alimuua mfamasia.

Baldovino, mkata sufu wa zamani, alikitupa kile cha shamba la kondoo,
alikitupa kweli, kikatua kwenye ndoo ya Yasna,
kwa sababu ukurasa wa arobaini, katikati ya Julai,
kondoo wananyolewa.
"Julai! Theluji magotini!
Huyu hajamshika kondoo hata wa kitambaa."
Nikamuuliza: na yule mjane anayejiandikia barua
ili tarishi abishe hodi, hakukugusa?
Kimya. Mashine yake ikalia, ikazimwa.
"Alinigusa. Ndiyo maana nimekasirika.
Aliyemjua mjane kiasi hicho
angeshindwaje kuuliza habari za kondoo?"

Nibaldo, mchomelea vyuma wa vivuko, ana kipimo kimoja:
je, wanakula?
Watu wapendane kurasa mia tatu
asimenye kiazi hata mmoja, yeye hawaamini.
Na sisi tuliokatazwa ndizi, tuliokatazwa machungwa,
tunaopimiwa maji kwa kikombe cha mtoto,
tunamtaka arudie karamu ya harusi, polepole,
mpaka Yasna anasema basi, presha zinapanda.

Mimi wananiambia sina msimamo,
kwamba ningesifu hata karatasi ya ndani ya boksi la dawa.
Nimeisoma. Ina sehemu nzuri.

Kisha usiku mmoja simu ikamwita Nibaldo:
figo imepatikana, ndege ya Santiago saa kumi alfajiri.
Akaondoka na koti, na miwani, na kitabu,
kile cha dada wawili wanaogombea tanuri la mikate.
Nakala ilikuwa moja. Baldovino na mimi tulikuwa tumeishia
mdogo amesimama mlangoni, ufunguo mkononi,
tanuri limepoa.

Tulifurahi. Tuliona wivu.
Sitasema kipi kilitangulia.

Wiki sita tukabishana juu ya ufunguo ule.
Baldovino: aliwashe tanuri kwa hati ya nyumba.
Mimi: autupe mtoni, kisha ashuke kuutafuta.
Tukamgeukia Eduvigis, yeye aliyeanzia mwisho.
Akatazama dirisha.
"Mwizi haulizwi alichoiba."

Kifurushi kilifika Alhamisi, kimefungwa kwa waya, kifundi.
Pembeni mwa kurasa, penseli ya Nibaldo:
*Hapa unga haujaumuka.*
*Hapa wanakula, hatimaye.*
*Chumvi?*
Na chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, neno moja:
*Sikubali.*

Baldovino anasema hakubali mwisho wa mwandishi.
Mimi nasema hakubali kuwa kimekwisha.
Eduvigis alicheka hadi mashine yake ikalia,
na Yasna akaja mbio, akaizima,
akakichukua kitabu mapajani mwake
na kusimama nacho palepale, glavu mkononi,
akianza ukurasa wa kwanza.