Kofia Kumi na Moja

Ndani ya pakacha, chini ya kitanda changu hapa Jadida, Wete,
kofia kumi na moja. Zote nimezianza, hata moja sijaimaliza.
Hii ilikuwa ya Maulidi ya mwaka juzi.
Hii ya Bwana Mbwana, aliyelipa nusu, kisha akafariki;
wanawe hawaijui, nami sijapata mdomo wa kusema.
Hii viua vyake vimejipanga kama mbegu za papai,
nilivitoboa usiku mmoja, sikula, sikuinuka;
alfajiri ikaadhiniwa, uzi ukaniponyoka moyoni,
na sijaigusa tena.

Mvivu, alisema mama. Kichwa maji, alisema mwalimu.
Mume wangu wa kwanza hakusema kitu:
alihesabu sufuria zilizoungua, akazitia kwenye talaka.
Nilinyweshwa kombe la zafarani, sahani nzima,
na kweli siku ile nililala usingizi mzuri.
Simdharau aliyeliandika.
Lakini chai iliendelea kufurika jikoni
nami niko ukumbini natafuta mkasi
ulio mkononi mwangu.

Nina miaka arobaini na miwili. Daktari Thuwaiba aliniuliza
mambo ya darasa la pili. Nikacheka, halafu nikalia.
"Ni upungufu wa umakini," akasema, "na haukuanza jana.
Si jini, si tabia mbaya, wala hautibiwi kwa aibu."
Mimi nilikuwa natazama pangaboi: bawa moja limepinda,
linagonga, tak, tak. Nikamwomba arudie.
Akarudia. Hakuguna.
Hakuguna, jamani! Nilitaka kumbusu mkono.

Akanitajia njia, nikazishika kwa vidole nisipotee.
Kipo kidonge: huwafaa wengi, si wote,
huanzwa kidogo, moyo na presha vikishapimwa,
njaa hukimbia, na usingizi huweza kugoma.
Kipo kingine cha taratibu, kwa asiyepatana na cha kwanza,
hicho kinataka wiki na subira
(subira! mimi!).
Yupo mnasihi, hakusuti, anakufunza
kuikata kazi vipande kama muhogo.
Yote mawili pamoja, pia yapo.
"Au ngoja kwanza, ujitazame. Hiari yako, Bikombo."
Juu ya kichwa hiki changu
hakuna aliyewahi kuniambia hiari yako.

"Watakupeleka Kidongo Chekundu?" dada yangu simuni,
kashusha sauti kana kwamba majirani wanalala ndani ya waya.
Nikamwambia: wewe miwani yako unaivaa puani.
Yangu mimi naimeza.

Siku ya nne, zile redio tatu kichwani
mbili zikazimwa.
Nikaisikia sindano ikipenya bafta.
Miaka yote hii, sikujua sindano ina sauti.
Nikaomboleza kidogo, sijui nani; labda yule mtoto wa darasa la pili.
Kisha mwili ukadai chake: moyo ukipiga mbio hata nimekaa,
wali wa Salhiya ukipoa mbele yangu.
Nikarudi, dozi ikapunguzwa.
Ramadhani tutaulizana upya.

Na kidonge hakishoni. Hilo nilikuwa sikulijua.
Kofia kumi Salhiya kazifungia kabatini,
ufunguo yuko nao Mize, jirani.
Saa tisa na nusu simu inalia, nimeiandika: MOJA TU.
Mize anakuja na ungo wake, anachambua mchele,
haniulizi, hanihimizi.
Dawa yake ni kuwapo.

Iliyobaki nje ni ya Bwana Mbwana.
Leo nimevuka nusu ya duara la juu.
Halafu nikakumbuka chai: imemwagika, jiko zima.
Nikafuta. Dirishani palikuwa na kunguru, nikamtazama mno.
Nikarudi.
Hilo tu. Nikarudi,
na sindano ilikuwa palepale
nilipoichomeka.