Sharafa ya Kushoto

Jumatatu hadi Ijumaa nawapiga waliokaa wima:
kiti cha plastiki, shuka nyeupe, taa mbili,
"kidevu juu, mama, usicheke,"
picha sita za kitambulisho kwa peso arobaini,
tayari kabla foleni ya benki haijasogea.

Jumamosi nafunga duka, naikata Monterrey kwa miguu
hadi chini ya daraja, pale mto ulipokauka
ukaacha mawe, matairi, na kivuli kipana cha bure.
Huko nawapiga wasiojua.

Wanateremka kutoka vitongoji vya mlimani
na mashati yanayotosha watu wawili,
suruali zenye mkunjo wa pasi mkali kama kisu,
kifuani skapulari kubwa kama daftari la shule,
zimefumwa kwa uzi: jina la mtaa, jina la msichana, jina la marehemu.
Kisogo kimenyolewa. Utosini nywele zimesimama.
Na sharafa, Mungu wangu, sharafa!
Ndefu hadi tayani, zimepakwa jeli kopo zima,
zikaganda shavuni kama mikia ya mbayuwayu.

Redio yao wameipunguza mwendo makusudi.
Kodiani inaburuta miguu kama mtu aliyekatizwa usingizi,
nao wanazunguka duara, wameinama, polepole,
utadhani wanatafuta sarafu iliyoanguka.

Kamera iko tumboni, chini ya mtandio.
Sichungulii ndani yake. Nahesabu pumzi.
Yule mwembamba (nimesikia wakimwita Yobani)
amepiga goti moja,
mkono wa mtu umeshika bega lake, mtu mwenyewe hayumo,
macho ameyafumba, jino moja limevunjika,
furaha yake yote iko nje kama nguo kambani.
Nikambana hapo hapo.

Nani alinipa ruhusa? Hakuna.
Polisi nao hawaombi ruhusa.
Huja na gari la bluu, huwapanga ukutani.
Wao hupiga, mimi hupiga,
kitenzi ni hicho hicho,
na usiku nikiosha filamu bafuni mabomba huniambia
mikono yangu ni misafi kuliko yao.
Mabomba husema lolote.

Mwezi wa pili, Jumanne, akaingia dukani kijana
na fomu ya kiwanda cha friji,
shati limechomekwa, nywele za karani.
Mbele ya masikio, palipokuwa na sharafa,
ngozi ilikuwa changa, imepauka,
kama ukuta ulioondolewa kalenda.
Upande mmoja, kovu dogo la mkasi.
Kinyozi hakati hivyo. Sikuuliza.

"Kidevu juu," nikasema. "Usicheke."
Hakucheka. Kutocheka alikujua vizuri mno.

Nikakata picha zake sita, na kwenye bahasha,
sijui shetani gani, nikatia ya saba.

Aliifungulia kando ya barabara, karibu na muuza mahindi.
Nilimwona kupitia kioo. Taa nyekundu iliwaka mara mbili
naye hajavuka.
Kisha akarudi, akausukuma mlango kwa bega,
nami nikashika kaunta nikingoja matusi yangu.

"Ungeniambia," akasema.
"Nimekosa."
"Ungeniambia, bibi. Ya kulia iko sawa.
Hii ya kushoto imelala. Jeli iliniishia siku ile.
Ningeirekebisha."
Akaigusa pale, kwa ncha ya kidole,
halafu akagusa shavu lake tupu.
"Na huu mkono ni wa Nereida. Nitolee nyingine, yake."
Akatoa sarafu. Nikazikataa. Akaziacha.

Mlangoni akageuka:
"Jumamosi uje. Lakini piga hodi kwanza."

Chini ya daraja hakuna mlango.
Nilisimama kwenye mawe, kamera nje, mtandio mkononi,
kodiani ikiburuta miguu yake,
nikitafuta kitu cha kugonga.