Kumchagulia Muireann Ufuo

Leo ni zamu yangu kuchagua.
Saa moja asubuhi, Donegal, mvua ile nyembamba
isiyonyesha wala kukoma,
na Muireann Nic Aodha amekaa kiti cha abiria,
goti lake jipya limenyooshwa mbele
kama mgeni asiyejua aketi vipi.

Miaka kumi na mmoja kiti hicho kilikuwa changu.
Yeye ndiye aliyeshika usukani, akapunguza mwendo
penye ng'ombe wa kina Ó Baoill,
akatazama migongo yao kabla ya kutazama maji:
"Wakiipa bahari mgongo, upepo unatoka majini.
Turudi tukanywe chai."

Nilikuwa karani wa posta, naogelea kama paka.
Nilitaka Carraig an Róin, kama kila asiyejua,
wimbi lile la kwenye kadi nilizokuwa nikiziuza,
refu, la kijani, linajikunja lenyewe.
Hakunikatalia. Alinipeleka maji yalipokupwa,
tukasimama juu, akanionyesha meno:
mwamba mweusi, kome wenye ncha,
na katikati kipande cha ubao wa mtu, cha manjano.
"Hapa wimbi linavunjikia palepale kila siku.
Ndiyo uzuri wake.
Nawe utavunjikia palepale."

Basi Trá Bhán. Miaka miwili ya Trá Bhán!
Povu kiunoni, mchanga kinywani, mchanga sikioni,
mchanga ndani ya mkoba wa barua Jumatatu.
Watoto wa miaka tisa wakinipita wamesimama.
Yeye nchi kavu, mkono juu: rudi kulia, rudi kulia,
usiende pale maji yalipotulia,
pale panapopendeza pasipo povu.
Huo ni mlango, na unafungukia nje.

Kisha ikaja miaka isiyo na jina,
si mwanafunzi, si fundi,
unajua kusimama, hujui kuacha.
Hapo ndipo watu huumia, alisema.
Mwanzoni woga unakulinda.
Akanipa ufuo wa nyuma ya gati,
maji nusu ya kujaa, kamwe si bamvua,
saa mbili tu, kabla fungu la mchanga halijazama
na wimbi kuanza kupiga ukingoni
kama mtu aliyefungiwa nje.
"Hesabu mawimbi ishirini kabla hujalowa."
Nilihesabu kumi na mawili.
Kovu la kidevuni ni la yale manane.

Carraig an Róin nilifika mwaka wa saba.
Sitaisimulia. Ilikuwa fupi,
na nililia ndani ya kofia ya mpira.

Leo ng'ombe wameipa nchi kavu mgongo.
Matlai. Bahari inakuja taratibu, usawa wa kiuno, safi.
Ningeweza kumpeleka nyuma ya gati.
Naona jicho lake linavyokwenda huko lenyewe,
kidole kinavyogonga kioo,
kidole kilichoifundisha nusu ya pwani hii
kuinuka kutoka kwenye tumbo.
Nakata kona. Trá Bhán.
Hasemi neno. Vifutio vya kioo vinasema kwa niaba yake.

Maegeshoni anauliza, kwa sauti
ya mteja aliyepewa stempu pungufu,
"Kwa nini hapa?"
Mchanga, namwambia. Maji yanajaa.
Hakuna ubao mwingine majini.
Na goti lina wiki kumi na tisa.
"Na mkondo?"
Kushoto, karibu na kijito.
Umehama tangu dhoruba ya Februari.
"Umehesabu?"
Ishirini, nasema.
Ananitazama.
Kumi na sita.

Basi tunakaa garini, vioo vimeshika ukungu,
nafuta duara kwa kiwiko,
chai ya chupa inapita mkono kwa mkono,
tunasubiri manne yaliyobaki.
La tatu ni kubwa kuliko nilivyodhani.
Hakuna anayesema kitu.