Dereva Asiye na Usukani

Kompyuta yetu inakaa jikoni,
kati ya friji na dirisha la ghorofa ya saba,
maana sebuleni hakuna soketi ya kuaminika.
Feni yake inakoroma kumshinda Tihamér,
na Tihamér, ukipanda tramu namba moja hapa Miskolc,
ndiye yule mwenye masharubu ya brashi ya viatu:
miaka thelathini na moja, stesheni hadi Diósgyőr,
Diósgyőr hadi stesheni.

Mimi naitumia kwa mambo ya maana.
Bili ya gesi. Dawa za mama. Picha za mjukuu,
ambazo printa inazitoa za kijani
hata utadhani binti yetu alizaa tango.
Neno la siri nimelibandika chini ya kibodi.
Msiniambie ni hatari: mwizi atakayepanda ngazi zote hizo
na lifti mbovu, huyo atakuwa amelitolea jasho.

Na karata, nakiri. Nacheza karata peke yangu
nikingoja supu ichemke.
Gemu ndiyo hiyo, nasema mimi: inakwisha.
Unashinda, karata zinarukaruka, unakwenda kuonja chumvi.
Hizi za siku hizi hazina mwisho wala haya,
zinakudai pesa ununue kofia ya mtu asiyekuwepo,
zinapakuliwa usiku kucha kama jirani anayehama,
na asubuhi bado zinasema subiri kidogo.
Zsombor, mtoto wa wifi yangu, anasema sielewi kitu.
Sawa. Ana miaka kumi na tisa
na faili zake zimezagaa kwenye skrini
kama vifungo kwenye droo ya cherehani;
sindano huioni mpaka ikuchome.

Lakini nilitaka kusema habari ya lori.

Tihamér hurudi saa nne usiku, hunawa,
hula akiwa amesimama, kisha hukaa pale
akaendesha lori.
Nilicheka wiki nzima. Mpishi gani, nikamuuliza,
anatoka hotelini kuja kuosha sufuria za kuchora?
Hakujibu. Aliwasha taa za lori.
Hubeba mizigo ya ajabu: matofali, maziwa ya unga,
safari moja nyuki, mizinga sabini.
Na taa ikiwa nyekundu husimama,
barabarani hakuna hata paka, yeye kasimama.
Zsombor alishika kichwa: Mjomba, pita tu, polisi wako wapi?
Mjomba akangoja kijani.
Ndipo akakata kona,
na mwili wake wote ukalalia kushoto,
kiwiko kikasukuma kikombe, chai ikamwagikia bili zangu.

Nilikuwa nafuta meza huku nagomba
wazo liliponijia, na kitambaa kikatulia mkononi:
tramu haina usukani.
Miaka thelathini na moja, mwanamume huyu
hajakata kona hata moja kwa hiari yake.
Reli humkatia. Yeye huongeza mwendo, hupunguza,
hupiga kengele, hufungua milango, hufunga.

Juzi niliamka saa kumi alfajiri kunywa maji.
Lori lilikuwa kwenye njia ya udongo,
kando ya shamba la alizeti. Alizeti zenyewe,
kwa kweli, ni moja iliyonakiliwa mara elfu,
mtu alifanya uvivu pale.
Nyuki walikuwa wamechelewa saa nne,
faini inapanda kwa tarakimu nyekundu.
Umepotea? nikauliza.
Hapana, akasema. Nataka kuona huku panaishia wapi.

Panaishia kwenye ukungu. Walioitengeneza
hawakudhani kuna mtu atafika.
Tukautazama sote wawili, feni ikikoroma,
yeye mkono kwenye kipanya, mimi na glasi yangu.
Kisha nikamwambia asogee,
kwa kuwa nimeamka, acha nilipe gesi.

Akasogea.
Ila alihifadhi kwanza.