Wapangaji

Miaka thelathini sindano imenidunga bila kukusudia.
Sasa najidunga kwa makusudi,
kidole cha nne, mkono wa kushoto,
kile kisicho na kazi kubwa kwenye kitambaa.
Tone. Kimashine kinawaza.
Kumi na nne nukta mbili.
Sikudhani anaiandika katika daftari la vipimo,
kati ya kiuno cha bibi harusi wa Yombo
na suruali ya mtu ambaye hakurudi kulipa.

Nesi Kokugonza, pale zahanati ya Tandika,
alisoma daftari, akacheka kiuno, hakucheka namba.
"Fundi, humo tumboni huishi peke yako.
Una wapangaji."

Wapangaji!
Nikaiona nyumba ya marehemu baba:
vyumba sita, choo kimoja, kila mtu na ndoo yake.
Lakini hawa hawana mkataba, hawachangii umeme,
walihamia siku niliyozaliwa, nikiwa uchi,
wengine kwa ziwa la mama, wengine kwa vumbi la uani,
wadogo hata uzi namba hamsini kwao ni gogo.

Nikajiuliza nimewalisha nini.
Chai ya vijiko vinne. Soda ya saa saba.
Maandazi. Ugali wa sembe iliyokobolewa
hadi ikasahau kwamba ilikuwa mahindi.
Vyote vinapokewa sebuleni, vinakimbilia damuni,
uani hakifiki kitu.
Na mpangaji mwenye njaa
huanza kula ukuta.

Hapo akaja Kibwana na chupa yake,
maji ya kahawia, elfu kumi na tano,
"Mizizi hii, ndugu yangu, vidonge utavisahau."
Nikavisahau.
Siku ya tisa nilianguka juu ya cherehani,
uso kwenye satini ya watu, mguu bado unakanyaga.
Nilizinduka nina dripu,
na Sikudhani kando yangu, kimya.
Kimya chake kilikuwa kichungu kuliko chupa.

Nesi hakunigombeza.
"Kidonge asubuhi, kidonge jioni. Mboga haigombani na dawa.
Ila usimfukuze mmoja ukamwita mwenzake mganga."

Basi Sikudhani huenda Kisutu
anarudi na karela, ngozi yake kama ya mamba mchanga,
na uwatu, anauloweka usiku katika kikombe cha bati.
Kunde tunazo, mlenda upo, matembele ni ya jirani.
Karela nilipoionja nilitaka kulia.
Lakini nesi alinieleza, nami naielewa kifundi:
uchungu huo mwingi wake haupiti mlango wa damu.
Unashuka. Unafika uani.
Na kule, gizani,
wapangaji wanaufumua,
mshono kwa mshono,
kama nifumuavyo gauni la zamani
nipate kitambaa cha kushona la mtoto.
Wanachokitoa humo kinapanda,
kinanong'ona na ini, kinanong'ona na kongosho.
Kumbe ni mafundi wenzangu.
Kumbe miaka yote nimewanyima kitambaa.

Usiku wananguruma. Wananiaibisha.
Juzi, mbele ya mteja, wakapiga baragumu.
Sikudhani, bila kuinua macho kwenye vifungo:
"Wamelipa kodi."

Leo tisa nukta moja.
Jana ilikuwa kumi na moja, kesho sijui.
Haishuki kama ngazi,
inashuka kama mtoto anayetumwa dukani,
akisimama simama njiani.

Bibi harusi wa Yombo amepita kuchukua gauni,
limemkaa, ameleta halua kwenye kisahani cha maua.
Nimekata kipande
ukubwa wa kifungo cha shati.
Nimekiweka ulimini, nimefumba macho.

Hiki hakitafika kwenu, nawaambia walioko uani.
Mnisamehe.
Uwatu umeshalowekwa.