Kilo Saba

Upo ule wa Eevertti: sentimita za ujazo sabini,
kilo saba kabla hujautilia petroli,
ulimi wake mrefu kama mkono wangu, bega hadi kidole.
Na upo huu wangu, nilioununua Kajaani mwezi wa pili.
Kizuri chajiuza, husemwa,
lakini muuzaji aliusaidia sana kujiuza.
Kilo nne na ushei. Rangi ya chungwa.

Shemeji yangu Urho anataka jibu moja: upi bora?
Nikachagua gogo la koivu, mti wa gome jeupe,
nene kama ndoo, nikalilaza juu ya kitegemeo.
Urho akatoa saa.

Mkubwa: sekunde tisa.
Haukukata, ulimeza;
vipande vikaruka juu ya theluji hadi mlangoni mwa sauna.
Mdogo: sekunde ishirini na tatu,
ukasita katikati, pale penye fundo,
kama mtu anayesoma kwa sauti akakutana na neno gumu.

"Basi," akasema Urho, akairudisha saa mfukoni.
Kwa Urho kila kesi ina hukumu kabla ya kahawa.

Lakini nani hukata gogo moja?
Mimi nina rundo refu kuliko banda,
na kuni za mwakani hukatwa mwaka huu;
kuni mbichi ni moshi na matusi.
Weka saa yako kwenye gogo la mia mbili, Urho.
Iweke kwenye kiuno changu.
Siku niliyoshinda na mkubwa,
jioni kikombe kilicheza juu ya kisahani
na vidole vikaendelea kunguruma chini ya blanketi
hadi usiku wa manane:
injini imezimwa, mimi sijazimika.

Kuuwasha tu ni ugomvi.
Choki. Kamba. Kamba. Kamba.
Tusi la kwetu lisilo na tafsiri. Kamba.
Mdogo huitika kwa mvuto wa pili,
hugeuka ninapogeuka,
hupenya kwenye matawi kama sindano kwenye pindo.
Ncha yake ikigusa vibaya, hushtuka;
ncha ya ule mwingine hurusha teke la punda,
na buti la kushoto la Eevertti
bado lina kovu la kutoa ushahidi.

Nikaamua. Nikaufunika mkubwa kwa gunia.

Kisha upepo wa Aprili ukaangusha msonobari wa mpakani,
ukalala katikati ya njia ya kisimani,
mzee, mwekundu, mnene kupita pipa.
Mdogo ukaingia nusu, ukakata pumzi,
mti ukaubana ulimi, ukakataa kuuachia.
Nikapiga kabari. Nikauchomoa kwa aibu.
Nikarudi bandani, nikaondoa gunia.

Mpira wa mshikio umelika upande mmoja,
pale dole gumba lake lilipokaa miaka kumi na tisa.
Langu halifiki pale.
Alikuwa akisema, nami nikidhani anajisifu:
*Usiusukume, Raili. Uzito ndio kazi.*
Nikauweka juu ya gome, nikaacha kupigana nao.
Kilo saba zikashuka zenyewe,
polepole, kama mtu mzima anayeketi,
na mikono yangu haikuwa na la kufanya
ila kuonyesha njia.

Miguuni, vipande vya mbao. Vikubwa, vyenye kona.
Nikazima injini, nikaviokota.
Meno butu hutoa unga; huu haukuwa unga.
Nami mnyororo ule niliuacha butu, naapa,
sikuugusa tangu siku ya kikombe.

Bandani, tupa haikuwa msumarini mwake.
Ilikuwa mezani, imefutwa oili,
na kando yake jozi ya glavu
za mtu asahauye kila kitu isipokuwa kushinda mabishano.

Akija kesho na swali lake, upi bora,
nitammiminia kahawa, nitamwacha aisubiri hukumu,
kisha nitamwuliza:
na huu mdogo, utaunoa lini?